Shaba yenye ngozi ya feza: Wamongolia, sarafu na swali la mama wa sokoni



Juma lililopita nilienda sokoni na biye ya dola tano. Nikachagua nyanya na sambaza, nikatoa biye yangu. Mama muuzaji akaikamata, akaigeuza, akaiinua kwenye mwangaza. Pembeni kulikuwa na mpasuko mdogo, hata ukucha wa mtoto ni mkubwa kuliko huo. Akanirudishia.

"Papa, hii haitembei."

"Lakini mama, si iko dola ya kweli?"

Akacheka. "Najua iko ya kweli. Mie nikiikamata, kesho nani ataikamata kwangu?"

Nililipa kwa franga, nikarudi nyumbani na sambaza wangu. Lakini lile swali lilinifuata mpaka nyumbani, juu nilikuwa nimelikuta kabla, siku nilipokuwa ninasoma historia ya sarafu za Wamongolia. Katika mji wa Samarkand, ambao leo uko Uzbekistan, watu wa sokoni waliuliza jambo hilo hilo karibu miaka 800 iliyopita. Leo nataka niwaelezee kisa chao, kisha tuone kinatufundisha nini.

Tuanze na majina ya pesa

Katika nchi za Kiislamu za zamani kulikuwa na sarafu za aina tatu: dinari ya dhahabu, dirhamu ya feza, na falsi ya shaba. Kwa Kiarabu, wingi wa fals ni fulus. Njo kule Kiswahili kilipata neno fulusi, na mpaka leo Mwarabu wa mtaani akisema fulus anamaanisha pesa tu, za aina yoyote.

Neno letu feza (watu wa pwani wanaandika fedha) nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni yale madini meupe yenye thamani. Pesa imetoka India: paisa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Kwa hiyo mtu wa Goma akisema "niko na feza" anataja madini ya matajiri bila kujua, na akisema "sina pesa" anataja shaba ya watu wa chini. Katika makala hii, nikisema feza ninamaanisha yale madini meupe, siyo pesa kwa jumla.

Kati ya feza na shaba kuna tofauti kubwa. Dirhamu ya feza, hata ukiiyeyusha, inabaki na thamani yake karibu yote, kwa sababu thamani iko ndani ya madini yenyewe. Ndiyo maana mfanyabiashara wa mbali alikuwa anaipima kwa mizani na kuipokea hata kama hajui mfalme aliyeandikwa juu yake. Sarafu ya shaba haiko hivyo. Inahesabiwa kuwa na thamani kubwa kuliko shaba iliyomo. Hiyo tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye ahadi. Mtawala wa mji anasema: falsi kadhaa ni sawa na dirhamu moja, na watu wanakubali kwa sababu wanaamini kwamba kesho hesabu itakuwa ile ile.

Kwa hiyo falsi ilikuwa inaishi karibu na nyumbani. Ilinunua mkate, mboga, kuni. Ukivuka kwenda mji mwingine, mara nyingi inakuwa mgeni asiye na ndugu. Tajiri wa msafara alibeba feza. Mwenye kuuza mkate alibeba shaba. Tukumbuke hilo, juu ndilo linaloonyesha nani anaumia ahadi ikivunjika.

Samarkand: dirhamu inayovua nguo

Mwaka 1219 Chinggis Khan aliingiza majeshi yake katika ufalme wa Khwarazm. Mwaka 1220 Bukhara ilianguka, kisha Samarkand. Watu wengi waliuawa, mafundi wengi walichukuliwa wakapelekwa mbali. Waliobaki walipaswa kuendelea kula, kuuza na kulipa kodi.

Tatizo ni kwamba feza ilikuwa haba. Na hapa tuseme kweli: Wamongolia hawakuleta ugonjwa huo, waliukuta. Tangu karne ya 11 nchi za Asia ya Kati zilikuwa na upungufu mkubwa wa feza, na watawala wa Kiislamu waliowatangulia Wamongolia, kama Wakarakhanidi, walikuwa wameshaanza kuchanganya shaba katika dirhamu zao mpaka jina "dirhamu" likabaki jina tu. Wamongolia waliongeza mzigo juu ya mgonjwa. Huko juu, wakubwa wao walihesabu mali kwa balish, neno la Kiajemi lenye maana ya "mto wa kulalia": ni kipande cha feza chenye uzito wa karibu kilo 2. Wakubwa walihesabu mito ya feza, na sokoni hakukuwa na feza ya kutosha hata ya kutengeneza dirhamu moja safi.

Njia iliyochukuliwa Samarkand katika miaka ya 1220 na 1230 ilikuwa hii: kutengeneza sarafu pana ya shaba, kuipaka ngozi nyembamba sana ya feza, kuigonga muhuri, na kuiita dirhamu. Ikiwa mpya inang'aa, huwezi kusema kitu. Lakini sarafu inapita mikononi, inasuguana na nyingine katika mfuko. Ngozi inaanza kutoka mahali palipoinuka, yaani kwenye herufi na kwenye ukingo. Wekundu wa shaba unatokea. Kila aliyeinunulia kitu aliivua nguo kidogo.

Watu waliipokea? Hapa hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu sarafu zenyewe zinatuambia. Kwa kawaida sarafu za Kiislamu ziliandikwa kwa Kiarabu: shahada, jina la khalifa au sultani, mji, mwaka. Lakini juu ya dirhamu hizi za shaba tunakuta sentensi ya Kiajemi, lugha ya watu wa mji, inayosema kwamba sarafu hii inatumika Samarkand na viunga vyake. Neno lililotumika ni rawan, yaani yenye kwenda, yenye kutembea. Mama wangu wa sokoni angelielewa mara moja. Serikali iliandika juu ya chuma: hii inatembea!

Katika nchi hizo hizo zilitoka pia sarafu za shaba zenye maneno makali zaidi: asiyezipokea ni mkosaji.

Tufikiri kidogo kama wasomi. Ni pesa gani inayohitaji kuandikwa juu yake kwamba ni kosa kuikataa? Ni ile ambayo watu wanaikataa. Dirhamu nzuri haijitetei. Ukiona pesa inakutishia, ujue imeshashindwa kukushawishi.

Ona tena yale maneno, "Samarkand na viunga vyake". Amri ilikuwa na mpaka. Ndani ya mpaka, askari angeweza kukulazimisha kupokea. Nje ya mpaka, ile sarafu ilikuwa kipande cha shaba. Sasa fikiria mkulima aliyeleta ngano mjini, akalipwa dirhamu hizi, halafu anataka kununua kitu kwa mfanyabiashara wa msafara aliyetoka mbali. Huyo wa msafara atapima feza, na feza haimo. Swali linarudi: "Nimeikamata mie, nani ataikamata kwangu?" Mwenye nguvu anaweza kudai feza safi au kubadilishana mali kwa mali. Asiye na nguvu anabaki ameshika ahadi. Hilo ni wazo langu mimi juu ya wale wakulima, lakini sioni namna nyingine ambayo mzigo ule ungeweza kuanguka.

Dawa ya Mas'ud Beg

Baada ya Chinggis kufa mwaka 1227, dola yake iligawanyika kidogo kidogo kati ya wazao wake. Asia ya Kati ilikuwa chini ya ukoo wa Chagatai. Iran na Iraki chini ya wazao wa Hulegu, walioitwa Ilkhan. Nyika za mto Volga chini ya wazao wa Jochi, dola ambayo wengi wanaiita Horde ya Dhahabu. Na China chini ya Qubilai.

Huko Asia ya Kati utawala wa kiraia ulikuwa mikononi mwa Waislamu wenyeji waliowatumikia Wamongolia. Wa kwanza alikuwa Mahmud Yalavach, kisha mwanawe Mas'ud Beg. Mwaka 1271 Mas'ud Beg alifanya mageuzi. Hakuongeza vitisho. Alianzisha dirhamu ndogo za feza nzuri, zilizogongwa katika miji mingi kwa kiwango kimoja, na mwenye feza yake aliweza kuipeleka kwenye nyumba ya sarafu akatengenezewa dirhamu.

Unaona kilichogeuka? Zamani serikali ilisema: pokea, la sivyo ni mkosaji. Sasa ilisema: lete feza yako mwenyewe, nitaigonga muhuri, na dirhamu ya mji huu itakuwa sawa na ya mji ule. Mpaka wa "Samarkand na viunga vyake" ukafunguka. Haikuwa miaka ya amani: mwaka 1273 jeshi la Ilkhan Abaqa liliingia Bukhara, likapora, na hata madrasa aliyoijenga Mas'ud Beg mwenyewe ikachomwa moto. Lakini njia ile ya sarafu za feza iliendelea, kwa sababu watu walikuwa na sababu yao wenyewe ya kuipenda.

Iran: kutoka sungura wa shaba mpaka karatasi

Tuhamie Iran na Iraki. Hulegu aliteka Baghdad mwaka 1258, akaua khalifa wa mwisho wa Baghdad. Cha ajabu ni kwamba sarafu za ukoo wake hazikuvunja desturi. Hulegu hakuwa Mwislamu, lakini dirhamu zake za feza zilibeba aya ya Kurani, ile ya sura ya Al Imran kuhusu Mungu anayempa ufalme amtakaye. Ujumbe ulikuwa wazi: tuko hapa kwa mapenzi ya Mungu wenu.

Kwenye shaba, mambo yalikuwa huru zaidi. Kaskazini mwa Iraki, katika miji kama Mosul na Irbil, shaba zenye picha zilikuwa desturi tangu kabla ya Wamongolia: vichwa vya watu, wanyama, alama za nyota. Wamongolia waliacha iendelee. Kuna falsi ya Hulegu yenye sungura anayekimbia. Mimi ninapenda sana sarafu hiyo. Mtu asiyejua kusoma Kiarabu wala Kiajemi aliweza kusema "nipe mbili za sungura", na kila mtu akaelewa. Shaba ilikuwa ya mtaa, na mtaa uliitambua kwa macho.

Halafu akaja Gaykhatu, aliyetawala kuanzia 1291. Hazina ikawa tupu. Waziri wake, Sadr al-Din Zanjani, alisikia kwamba China wanatumia karatasi inayoitwa chao. Waliuliza habari zake kwa Bolad, mjumbe wa Qubilai aliyekuwa anaishi Iran, na mwaka 1294 wakatoa chao yao mjini Tabriz. Karatasi ilikuwa na maandishi ya Kichina, na shahada ya Kiislamu pia. Amri ilisema anayekataa atauawa.

Matokeo? Maduka ya Tabriz yakabaki matupu. Watu wakahama mji. Chakula kikauzwa kwa kificho katika mabustani, nje ya macho ya serikali. Baada ya miezi kama miwili hivi chao ikafutwa. Mwaka uliofuata Gaykhatu akapinduliwa na kuuawa.

Wengine wanasema: "Wale watu walikuwa bado nyuma, hawakuelewa karatasi." Hapana. Karatasi ile ile ya China ilikuwa inatembea vizuri kwa miaka mingi. Qubilai alipotoa chao yake mwaka 1260, aliiwekea akiba ya feza nyuma yake, na serikali yenyewe iliipokea katika kodi. Mchina alipouliza "nani ataikamata kwangu?", jibu lilikuwepo: mtoza kodi ataikamata. Mtu wa Tabriz alipouliza, jibu lilikuwa upanga. Upanga unaweza kufungua mkono wako leo, lakini hauwezi kukuahidi kesho.

Ghazan, aliyechukua ufalme mwishoni mwa 1295, alijifunza. Pamoja na waziri wake Rashid al-Din alirudi kwenye feza safi, akaweka uzito mmoja wa dirhamu kwa nyumba zote za sarafu katika nchi. Dawa ikawa ndugu ya ile ya Mas'ud Beg.

Volga: bei iliyoandikwa waziwazi

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba shaba ni mbaya na feza ni nzuri. Siyo hivyo. Tazama nchi ya Volga, katika mji wa Saray, chini ya Uzbek Khan aliyetawala 1313 mpaka 1341.

Huko sarafu ya shaba iliitwa pul. Zilitengenezwa nyingi sana, na hazikujifanya feza. Zilikuwa nyekundu, zikabaki nyekundu. Baadhi zina simba mwenye jua mgongoni. Baadaye, chini ya Jani Beg, zikaja zenye ua. Na juu ya baadhi ya pul za Saray kuna maneno ninayoyaona kuwa ya maana kuliko vitisho vyote vya Samarkand: pul kumi na sita ni danik moja. Danik ni kipimo kidogo cha feza.

Ni hayo tu. Hakuna kutaja wakosaji, hakuna upanga. Sarafu inasema: mimi ni shaba, siyo feza, na hii njo hesabu yangu mbele ya feza. Mama anayeuza maziwa anajua akikusanya 16 atakuwa na danik yake. Mbadilishaji wa pesa naye anajua hivyo, na hawezi kumdanganya kirahisi, kwa sababu hesabu iko mkononi mwa kila mtu. Feza ilikuwepo sokoni kwa wingi wa kutosha, kwa hiyo ahadi ilikuwa na kitu nyuma yake. Pul ilikaa katika maisha ya watu mpaka leo: kwa Kiuzbeki na kwa Kiajemi, pul ni pesa. Jina la sarafu ndogo ya shaba likameza majina ya sarafu kubwa, kama vile fulus ilivyofanya kwa Waarabu na pesa ilivyofanya kwetu.

Kuna jambo moja la kutuunganisha na habari hii. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika kwa Uzbek Khan katika miaka ya 1330. Mwaka 1331 alikuwa amefika Kilwa, kwenye pwani ya Waswahili, kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sultani huyo naye alikuwa anatoa sarafu za shaba kwa jina lake, zenye maandishi ya vina kama shairi. Ndani ya miaka michache, mtu mmoja alipita katika masoko mawili yaliyo mbali kabisa, na kote wadogo wa soko walishika shaba.

Tubebe nini

Wazee wetu hawahitaji kusoma habari za Tabriz. Wanakumbuka biye ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa kwayo wakakuta hainunui kitu, na Januari 1993 Kinshasa ikaingia katika vurugu za risasi na uporaji. Amri ilikuwepo. Muhuri ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuikamata kesho.

Kwa hiyo, mimi ninashika mambo matatu. Kwanza, pesa ndogo ndiyo kipimo cha serikali, kuliko pesa kubwa. Dhahabu na feza zinajilinda zenyewe. Shaba na karatasi zinaishi kwa neno la aliyezitoa. Pili, kitisho siyo alama ya nguvu ya pesa, ni alama ya udhaifu wake. Tatu, neno likivunjika, wa kwanza kuumia ni yule ambaye hawezi kukataa: mkulima wa Samarkand, mama wa maziwa wa Saray, mwenye kibanda wa kwetu.

Wengi wetu humu tunatafuta kazi katika benki, katika wizara, katika miradi. Siku moja mmoja wetu atakaa kwenye meza ambapo watu wanajadili biye mpya, au namna ya kufanya franga ipendwe kuliko dola. Watazungumza juu ya sheria, juu ya faini, juu ya picha nzuri ya kuweka kwenye karatasi. Ninaomba huyo mwenzetu ainue mkono, aulize lile swali la sokoni kama lilivyo, bila kulipamba: nikiikamata mie, kesho nani ataikamata kwangu?

Na wakimjibu kwa kutaja polisi, awakumbushe Samarkand.